Mabibi Wenye Daftari Kwenye Vizuizi vya Palestina

Mwenye kufuata habari za Palestina redioni husikia zaidi mizinga na mazishi. Ni haki iwe hivyo, maana hakuna msiba upitao kifo. Lakini liko jambo jingine ambalo halina mlio, na kwa sababu hiyo halipati nafasi katika taarifa ya saa moja. Nalo ni jinsi Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anavyotoka nyumbani kwake kwenda kazini, shambani, hospitali au msikitini. Aghalabu safari hizo hupita mbele ya askari mwenye bunduki. Na kati ya watu waliotuandikia habari zake kwa utaratibu, siku baada ya siku kwa zaidi ya miaka 20, wamo wanawake wa Kiyahudi, raia wa Israel, wengi wao wakongwe waliostaafu kazi zao. Huenda wakasimama hapo penye kizuizi na daftari mkononi.

Chama chao kinaitwa Machsom Watch. Machsom kwa Kiebrania ni kizuizi. Waarabu wa huko husema hajiz, neno lenye asili moja na Hijaz, nchi tunayoijua sote, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya milima yake inayotenga mwambao na bara. Kilianzishwa mapema mwaka 2001, miezi michache baada ya kuzuka Intifadha ya pili, na wanawake watatu: Ronnee Jaeger, Adi Kuntsman na Yehudit Keshet. Baadaye walifika mamia. Wanaume hawaingii. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwanamume wa Kiisraeli huenda yeye mwenyewe ni askari wa akiba, leo amesimama upande huu wa kizuizi na mwezi ujao ataitwa asimame upande wa pili. Na kijana wa miaka 19 aliyepewa mamlaka juu ya watu mia tano ataweza kubishana na mwanamume mwenzake mpaka wafikie ngumi, lakini mama aliye rika la nyanya yake, akimwuliza kwa upole kwa nini mzee yule amekalishwa juani, humtia haya kidogo. Haya hiyo ndiyo silaha yao pekee.

Tufahamu kwanza vizuizi vyenyewe vilitoka wapi, maana wengi hudhani vimekuwako tangu vita vya 1967. Sivyo. Mwaka 1972 Israel ilitoa ruhusa ya jumla, na kwa miaka mingi Mpalestina wa Ghaza au Nablus aliweza kupanda basi akaenda kufanya kazi ya mjengo Tel Aviv, jioni akarudi. Ruhusa ile ilifutwa Januari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, na tangu hapo kila mtu akatakiwa awe na kibali chake peke yake. Machi 1993 njia zikafungwa kabisa kwa asiye na kibali. Kisha ukaja mkataba wa Oslo, na hapa ndipo penye kinyume cha ajabu. Ule ulioitwa mkataba wa amani, kwa makubaliano ya mwaka 1995, uliigawa nchi mapande matatu yakaitwa A, B na C, na pande la C, kiasi cha asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, likabaki chini ya Israel moja kwa moja. Mapande A na B yakawa kama visiwa ndani ya C, na mwenye kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine hana budi kupita kwa mwenye bahari.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kurekebishwa ni kudhani kwamba vizuizi hivi viko mpakani. Viko vilivyo mpakani, lakini vingi vimewekwa baina ya mji wa Kipalestina na mji mwingine wa Kipalestina, au baina ya kijiji na barabara yake. Mapema mwaka 2025 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia misaada, OCHA, ilihesabu vipingamizi 849 vya kila namna katika Ukingo wa Magharibi pamoja na Jerusalem ya Mashariki: malindo yenye askari mchana na usiku, malango ya chuma, mawe ya saruji, na vifusi vya udongo vilivyomwagwa njiani. Nchi yenyewe si kubwa. Ramallah mpaka Baitul Mukaddas ni kiasi cha kilomita 15, sawa na kutoka kisiwani Mombasa kwenda Mtwapa. Katikati yake kuna kizuizi cha Qalandiya, ambacho kilianza mwaka 2001 kwa vipande vya saruji, kikakua hata kikawa jengo zima lenye vichochoro vya vyuma, malango yanayozunguka, na mitambo ya kusoma alama za vidole.

Sisi tunaovuka Likoni tunaijua foleni. Lakini foleni ya feri ni ya maji, na akisubiri mmoja husubiri na mwenzake. Hakuna anayekuuliza waenda kwa nani, na kwa nini leo, na mbona ulikwenda juzi.

Israel husema vizuizi ni kwa ajili ya usalama wa watu wake. Neno hilo halina budi kusikilizwa, kwa kuwa katika miaka ya Intifadha ya pili mamia ya raia wa Kiisraeli waliuawa katika mabasi, mikahawa na masoko na watu waliojilipua. Mabibi wa Machsom Watch hawakulikana hilo, nao walikuwa na wana na wajukuu waliopanda mabasi yale yale. Swali lao ni jingine. Ikiwa shabaha ni kumzuia mwenye bomu asiingie Tel Aviv, kwa nini mkulima azuiliwe kwenda kwenye mizeituni yake nyuma ya kijiji chake mwenyewe? Kwa nini, katika miaka ile, wanaume wote wa Nablus wenye umri wa miaka 16 hadi 35 waambiwe kwa siku kadhaa mfululizo kwamba leo hawapiti, daktari, mwanafunzi na mchuuzi wa ndizi wote sawa? Huwezi kumtafuta mtu mmoja kwa kuufunga mji, ila kama kuufunga mji ndiyo haja yenyewe.

Na hapa kuna jambo linalopasa kutukumbusha historia yetu. Sheria nyingi za kijeshi zilizotumiwa dhidi ya Wapalestina zina asili katika Kanuni za Hatari ambazo Mwingereza alizitunga Palestina mwaka 1945, alipokuwa mtawala huko, na Israel ikazirithi. Ni Mwingereza huyo huyo aliyemtundika Mkenya kipande shingoni, na ambaye mwaka 1952 alitangaza hali ya hatari hapa kwetu na kuwafanya maelfu wasiweze kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karatasi. Mzee aliyeyaona hayo hahitaji kufasiriwa maana ya tasrih, kibali anachokilalia Mpalestina chini ya mto.

Sasa, wanafanya nini mabibi hawa? Kwa kutazama juujuu, hawafanyi kitu. Hufika kwa zamu, wawili watatu, alfajiri au alasiri. Huandika saa waliyofika, ni watu wangapi wamepanga mstari, ni malango mangapi yako wazi, mtu wa mwisho amechukua dakika ngapi mpaka kupita, nani amewekwa kando na kwa sababu gani aliyoambiwa. Jioni habari ile hutangazwa kwa yeyote anayetaka kuisoma. Ni maandishi makavu, na ukavu wake ndio thamani yake. Afisa anaweza kukanusha malalamiko ya Mpalestina kwa neno moja, lakini itamwia vigumu kukanusha maelfu ya kurasa zilizoandikwa na raia wa nchi yake, zenye tarehe na saa.

Katika kurasa hizo mna mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyabuni. Mojawapo ni mstari usioonekana. Askari huwaamuru watu wasiuvuke mstari, wasogee nyuma ya mstari, na atakayeuvuka anaadhibiwa kwa kucheleweshwa saa nzima au zaidi. Lakini ukitazama chini, hakuna mstari. Haukuchorwa kwa rangi wala kwa chokaa. Uko akilini mwa askari, na zamu ikibadilika nao husogea. Basi Mpalestina hukosa bila kujua alipokosea, na kosa lake huwa ndiyo hoja ya kuwa watu hawa hawana adabu, lazima wadhibitiwe. Sidhani kuna mfano ulio wazi kuliko huu wa sheria isiyotaka kutiiwa, inayotaka tu kuvunjwa.

Mambo mengine si ya kustaajabia bali ya kulia. Tangu mwaka 2000, katika miaka michache tu, Umoja wa Mataifa ulipokea kutoka wizara ya afya ya Palestina hesabu ya wanawake zaidi ya 60 waliojifungua vizuizini, na zaidi ya watoto 30 kati ya waliozaliwa hivyo walikufa. Uchungu haungoji kibali.

Hata hivyo habari iliyowatikisa Waisraeli haikuwa hiyo. Novemba 2004, penye kizuizi cha Beit Iba karibu na Nablus, mmoja wa mabibi alipiga picha za sinema za kijana wa Kipalestina akipiga fidla mbele ya askari huku watu wakingoja nyuma yake. Picha zilipoonyeshwa, nchi nzima ilipiga kelele. Jeshi lilisema baadaye kwamba kijana hakulazimishwa. Lakini kelele zile zilikuwa na sababu yake: Myahudi anapoona mtu akipiga muziki mbele ya bunduki, hukumbuka kambi za Wanazi, ambamo wanamuziki wa Kiyahudi walipigishwa vyombo mbele ya wauaji wao. Kwa maneno mengine, walichokililia zaidi ni sura yao wenyewe kwenye kioo. Mama aliyejifungua kando ya barabara hakuwa na fidla.

Jambo hilo linatufikisha kwenye shaka ambayo mabibi wenyewe wanayo, na ambayo ni heshima kwao kuwa nayo. Je, kuwapo kwao kunapunguza dhuluma au kunaipamba? Bibi akimwomba afisa amruhusu mgonjwa mmoja apite, na afisa akakubali, mgonjwa amefaidika. Lakini afisa naye amefaidika, maana ameonekana mwenye huruma, na kizuizi kimeonekana ni mahali panapoweza kutengenezwa. Yehudit Keshet, mmoja wa waanzilishi, aliyagusa maswali kama haya katika kitabu alichokitoa mwaka 2006. Wengine wakasema, mwenye kuteseka leo hawezi kungoja mpaka dola ibadilike; wakaingia katika kazi ya kuwaandikia rufani Wapalestina walionyimwa vibali na idara ya usalama bila kuambiwa kosa lao. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, na ubishi wao hauwezi kumalizwa na mtu aliyekaa Mombasa anakunywa kahawa.

Lakini kuna ushahidi wa namna nyingine wa kuulinganisha na huu. Msomaji atakumbuka mauaji ya Februari 25, 1994, Ijumaa ya Ramadhani, ambapo Baruch Goldstein, mlowezi, aliwapiga risasi waumini katika sala ya alfajiri ndani ya msikiti wa Nabii Ibrahim mjini Al-Khalil, akaua 29. Baada ya hapo serikali za nje zilipeleka waangalizi, ambao toka 1997 walikaa mfululizo kwa jina la TIPH, wakitoka nchi kama Norway, Sweden, Italia na Uturuki. Hao walilipwa, walivaa sare, wakaandika ripoti nyingi kupita kiasi. Lakini ripoti zao zilikuwa siri, zikisomwa na serikali tu. Mwishoni mwa 2018 gazeti la Haaretz lilifichua muhtasari wao wa miaka 20, uliotokana na matukio kama 40,000. Mwezi uliofuata, Januari 2019, Waziri Mkuu Netanyahu alikataa kuwaongezea muda, wakafunga mizigo. Wafuasi wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, waliokuwa wakiwasindikiza watoto kwenda shule mjini humo, nao waliondoka mwezi huo huo kwa kusumbuliwa. Maandishi ya siri hayakumlinda mtu. Yalipotoka nje ndipo yakaogopwa.

Kwetu sisi, penye uchungu zaidi labda ni Qalandiya katika Ijumaa za Ramadhani. Mwaka 2024 wanaume walioruhusiwa kutoka Ukingo wa Magharibi kwenda kusali Al-Aqsa ni wenye miaka 55 kwenda juu, na wanawake kuanzia miaka 50, tena kwa kibali. Kijana wa Ramallah anaweza kuhiji Makka kabla hajaona kibla cha kwanza, kilicho mwendo wa nusu saa kwa gari.

Tangu Oktoba 2023 mambo yamezidi kukazwa. Vibali vya wafanyakazi wengi mno vilisimamishwa, na ile mistari ya vibarua waliokuwa wakijipanga saa tisa za usiku kizuizini Bethlehem ikapungua. Malango ya chuma yameongezwa kwenye midomo ya vijiji. Hili limewaletea mabibi wa daftari taabu mpya. Kizuizi chenye askari kina mtu wa kuulizwa, na kina foleni ya kuhesabiwa. Lango lililofungwa kwa kufuli halina foleni. Mtu hufika, hulitazama, akarudi nyumbani, na safari ambayo hakuifanya haimo katika hesabu ya yeyote.