Beri Nyeusi za Enzi ya Victoria Hazikuwa Mchezo wa Watoto

Hoja yenyewe mnaijua, maana imesemwa sana: kwamba katika Uingereza ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, beri nyeusi za porini zilikuwa tunda la bure, burudani ya watoto wa shamba, kitu duni hata lugha ikakifanya mfano wa vitu visivyo na thamani. Nimeisoma hoja hiyo kipande kwa kipande. Nyinyi wasomaji ndio mahakimu. Pimeni ushahidi, msipime utamu wa masimulizi.

Wanaanza na neno “bure”. Wanasema mmea huo wa miiba ulijiotea kando ya mashamba, hakuna aliyeupanda, na yeyote mwenye kikapu aliweza kuchuma. Sheria iko upande wao kwa kiasi, nami sitaificha. Sheria ya wizi ya 1861 ililinda matunda ya bustani na ya mashamba ya miti, si mavuno ya porini. Katika kesi ya Gardner na Mansbridge ya 1887, mahakama ilikataa kumtia hatiani mtu aliyechuma uyoga uliojiotea katika shamba la mwingine. Lakini ulizeni beri hizo zilizaa wapi. Zilizaa kwa wingi kwenye nyua za miti zilizozunguka mashamba, na sehemu kubwa ya nyua hizo ilipandwa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipopitisha maelfu ya sheria za kugawa ardhi ya pamoja ya vijiji na kuikabidhi kwa wenye mashamba. Ua uliozaa tunda ndio ua uliomnyima mwanakijiji malisho ya ng’ombe wake na kuni zake. Beri za kando ya barabara alizifikia. Za upande wa ndani zilimlazimu kukanyaga ardhi ya mtu, na mwenye ardhi alikuwa na haki ya kumfukuza. Tunda halikuwa na bei, kweli. Njia ya kulifikia ilikuwa na mwenyewe. Anayesema “bure” akanyamaza hapo ametoa nusu ya ushahidi.

Kisha wanakimbilia lugha. Waingereza wa enzi hiyo, wanasema, walipotaka kusema kitu ni tele walikifananisha na beri nyeusi, na huo ndio uthibitisho kwamba walizidharau. Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni la tarehe: msemo huo si mtoto wa enzi ya Victoria. Umo katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry IV, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa 1598. Anayeusema ni Falstaff, anapogoma kutoa sababu kwa kulazimishwa. Watu wa karne ya 19 waliurithi wakaendelea kuutumia. La pili ni la mantiki. Msemo unataja wingi tu, haugusi thamani. Falstaff anasema kwamba hata angekuwa na sababu tele hivyo, asingetoa hata moja kwa shuruti. Maneno hayo hayatangazi kwamba sababu hazina maana.

Wapinzani wangu wana ushahidi mzuri zaidi ambao kwa kawaida hawautumii, basi nitauleta mwenyewe. Katika Troilus and Cressida, iliyochapishwa 1609, mhusika wa Shakespeare anasema hila ya watu wajanja haina thamani hata ya beri nyeusi moja. Huyo anadharau kweli. Ila tazameni hesabu: ni beri moja. Punje moja ya mchele nayo haina bei, na hakuna aliyewahi kuhitimisha kutokana na hilo kwamba mchele si chakula. Beri zilikwenda nyumbani na sokoni kwa vikapu, na thamani ya kikapu haipimwi kwa punje.

Dai la tatu linahusu shetani. Vijijini iliaminika kwamba baada ya Sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, beri hazifai kuliwa, kwa sababu shetani alipotupwa kutoka mbinguni aliangukia kichaka cha miiba cha beri hizo, akazitemea mate. Tunaambiwa huo ni ujinga mtupu. Ondoeni shetani, mtazame tarehe. Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, mvua na baridi za huko hulijaza tunda maji, kuvu hulishika, nzi hulivamia. Tena wengine walihesabu mwisho wa msimu kwa sikukuu ya kalenda ya zamani, tarehe 10 Oktoba, zaidi ya karne moja baada ya serikali kubadili kalenda mwaka 1752. Masimulizi hayo yalibeba kanuni ya mavuno. Ukisimulia hadithi ukaacha kanuni, umechagua cha kuwafanya watu wale waonekane wajinga.

Inadaiwa pia kwamba wasomi hawakuutazama mmea huu. Hili ni jepesi kulimaliza. Charles Cardale Babington, aliyekuwa profesa wa botania wa Cambridge tangu 1861, alichapisha kitabu kizima kuhusu jamii za mmea huu wa Uingereza mwaka 1869, na alikuwa ameshatoa kingine kuhusu mada hiyohiyo mwaka 1846.

Linabaki dai linaloshikilia mengine yote: kwamba kuchuma beri kulikuwa mchezo. Ushahidi wake ni picha, zile za akina Myles Birket Foster na Helen Allingham, za watoto wa mashambani wenye mashavu mekundu na nguo safi. Nakubali kwamba watoto wa kasisi na wa mwenye shamba walicheza, na kila mchumaji alikula akichuma. Lakini picha zile zilichorwa ziuzwe kwa watu wa mjini wenye fedha. Kuna ushahidi mwingine ulioandikwa na watu wasiokuwa na cha kuuza. Kuanzia 1862 kila shule iliyopata ruzuku ya serikali ilitakiwa kuwa na daftari la kumbukumbu, na ruzuku yenyewe ilipimwa kwa mahudhurio na mitihani: shilingi 4 kwa mtoto kwa mahudhurio, na shilingi 8 zaidi akifaulu kusoma, kuandika na hesabu. Mwalimu alipoandika kwamba darasa ni tupu, alikuwa anaandika hasara. Katika madaftari ya shule za mashambani, beri nyeusi hutajwa kama sababu ya utoro pamoja na kuvuna viazi, kuokota masazo ya ngano na kukusanya matunda ya mialoni ya kulishia nguruwe. Zote hizo ni kazi. Kwa nini moja tu ihesabiwe mchezo?

Na hapa hoja yao inajipinga yenyewe. Wanasema tunda halikuwa na thamani, kisha wanayatumia madaftari hayohayo kuonyesha jinsi watoto walivyolipenda. Baada ya 1880, mahudhurio yalikuwa lazima hadi umri wa miaka 10, na mzazi aliweza kutozwa faini. Mzazi maskini hahatarishi faini kwa ajili ya mchezo. Alihitaji chakula, na mwaka 1874 ushuru wa sukari ulifutwa kabisa, hivyo jemu ya beri ikawa kitoweo cha mkate kwa nyumba zisizomudu siagi. Hata Beatrix Potter, katika barua ya Septemba 1893 iliyozaa hadithi ya Peter Rabbit, anawapeleka sungura watiifu kuchuma beri nyeusi, na mtukutu ndiye anayeingia bustani ya watu. Kuchuma kulikuwa jambo la watiifu, si la watukutu.

Madaftari ya shule hizo yamehifadhiwa kwa wingi katika ofisi za nyaraka za kaunti za Uingereza. Anayeendelea kudai kwamba ulikuwa mchezo afungue kwanza kurasa za Septemba na Oktoba, asome sababu za utoro zilizoandikwa na walimu, ndipo alete shauri lake upya mbele yenu.