Haki ya Kupakatwa

Tunapozungumzia haki za binadamu, fikra zetu huenda upesi kwenye mahakama, mashamba yaliyoporwa na masanduku ya kura. Ni mara chache tunamkumbuka mdogo kuliko wote: mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia majuma 37 ya ujauzito. Huyu hana uwezo wa kudai chochote. Hata kilio chake ni hafifu. Hata hivyo anayo haki isiyohitaji fedha nyingi kutimizwa, nayo ni haki ya kupakatwa na mama yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4 ulimwenguni. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto wa chini ya miaka 5. Basi jambo hili si la madaktari peke yao. Linamhusu kila mtu anayesema kwamba uhai ni zawadi ya Mungu.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba usalama wa mtoto njiti ni kutengwa. Alilazwa katika mashine ya joto, na mama alimtazama kupitia kioo kwa saa alizopangiwa. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa wauguzi waliogopa maambukizo. Lakini mwaka 1978, katika hospitali ya Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, nchini Kolombia, mashine hazikutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja na kuambukizana. Daktari Edgar Rey akawaomba akina mama wawafunge watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu abebavyo mwanawe. Mwaka 1979 Daktari Héctor Martínez akaungana naye katika kazi hiyo. Kilichoanza kwa sababu ya uhaba kikageuka kuwa somo kwa dunia nzima.

Sababu zake zinaeleweka. Njiti hana mafuta mwilini ya kumhifadhia joto, na kifua cha mama humpa joto hilo. Akisikia pumzi na mapigo ya moyo aliyoyazoea tumboni, hutulia, na nguvu ambayo angeipoteza kwa kulia huitumia kukua. Mguso huohuo huamsha maziwa ya mama. Hata anapochomwa sindano, mtoto aliyepakatwa huonyesha maumivu kidogo zaidi. Ila mkono uwe mpole na uliotulia, maana ngozi ya njiti ni nyembamba mno. Papasapapasa nyingi humchosha.

Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2021. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilianza kupakatwa mara baada ya kuzaliwa; jingine lilisubiri hadi hali ya mtoto itengemae. Katika kila watoto 100 waliosubiri, karibu 16 walikufa ndani ya siku 28. Kwa waliopakatwa mapema walikufa 12. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliodhaniwa kupata maambukizo nao walikuwa wachache zaidi katika kundi la waliopakatwa mapema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba huduma hii ianze mapema iwezekanavyo.

Hapa ndipo penye suala la haki. Mama atampakataje mwanawe ikiwa wodi haina kitanda chake? Ikiwa anaruhusiwa kuingia kwa saa za kutazama wagonjwa tu, kana kwamba yeye ni mgeni? Ikiwa nyumbani ameacha watoto wengine, na hana nauli wala chakula? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu mmoja dhaifu aliyetoka kujifungua.

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa kifua cha mama chatosha, serikali haina haja ya kununua mashine. Tunaikataa hoja hiyo. Mtoto asiyeweza kupumua anahitaji oksijeni, dawa na muuguzi aliyefunzwa. Kupakatwa si huduma ya maskini badala ya mashine ya matajiri. Ni haki ya kila njiti, pamoja na matibabu mengine yote.

Tunaishukuru hatua ya mwaka 2025, ambapo sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo ya uzazi. Lakini mkulima, mchuuzi wa sokoni na mfanyakazi wa nyumbani asiye na mkataba, wao wanaongezewa nini?

Kwa hiyo tunatoa rai. Hospitali zetu, tukianza na zile za Kanisa, ziweke vitanda vya akina mama kando ya watoto wao na zisiwahesabu kuwa wageni. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zijue ni mama yupi amelazwa na njiti, zimpelekee uji, na kuwatunza watoto aliowaacha. Akina baba nao wavue mashati, kwani kifua chao pia kina joto. Mama akienda kuoga au kulala, mtoto asirudishwe kwenye upweke.

Bwana wetu angeweza kuponya kwa neno tu. Hata hivyo alimgusa mkoma, na watoto aliwakumbatia akiwawekea mikono. Sisi tunaojiita wafuasi wake hatuwezi kuridhika mama anaposimama nyuma ya kioo.