Viti vya mbele ni vya nani?

Muhula uliopita nilihudhuria onyesho la Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, katika shule moja ya upili karibu na Moi's Bridge, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale. Kila mwanafunzi alikuwa ametoa ada yake, na bwalo la chakula likageuzwa ukumbi. Safu 3 za kwanza zilipangwa viti vya plastiki vya walimu na wageni. Nyuma yetu wakaketi wanafunzi wadogo kwa kuwa ni wafupi. Watahiniwa, ambao ndio hasa walioletewa mchezo huo, wakabanana ukutani, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Mara mvua ikashuka juu ya mabati. Tangu hapo sisi wa mbele tulitazama mchezo. Wao walitazama midomo ikifunguka na kufumba.

Nakiri kwamba nami niliketi safu ya kwanza. Nilielekezwa huko kwa heshima, wala sikukataa.

Yamkini msomaji atasema kuketi ni kuketi. La, hasha! Sauti isiyo na kipaza hufifia upesi: umbali ukiwa maradufu, nguvu ya sauti ifikayo sikioni moja kwa moja hupungua hadi robo. Robo hiyo ndiyo iliyoshindana na mvua. Wagiriki wa kale waliojenga ukumbi wa Epidaurus katika karne ya 4 kabla ya Kristo waliuegemeza kwenye mteremko wa kilima, aliye mbele asimzibe aliye nyuma. Bwalo letu ni tambarare, na kila aliyelelewa huku ajua kuwa mtu akisimama katikati ya mahindi marefu haoni ng'ambo ya shamba.

Sinema ina kanuni nyingine. Katika majumba ya sinema, viti vilivyokaribia kitambaa aghalabu vilikuwa vya bei nafuu, ilhali katika michezo ya jukwaani vya mbele ndivyo ghali. Si ajabu: aliye chini ya picha kubwa hukunja shingo na kuona nyuso zimerefuka. Enzi za magari ya sinema yaliyozuru masoko, waliokosa nafasi mbele walizunguka nyuma ya kitambaa wakasoma maandishi kinyumenyume, na wakacheka vilevile. Runinga ndogo ya shule, kwa upande wake, yawataka watazamaji wasogee.

Kwa tamthilia, mimi ningechagua safu ya 4, katikati. Wa safu ya kwanza huona jasho la mwigizaji mmoja, asiwaone wawili wanaonong'ona pembeni.

Kumheshimu mgeni ni mila yetu, wala sinuii kuibomoa. Hata hivyo, mgeni aweza kuwekwa ubavuni, mahali pa kuona na kuonekana, naye asipungukiwe na lolote. Mwalimu wa Kiswahili amekwisha kuisoma tamthilia mara nyingi. Anayekwenda kuijibia maswali katika karatasi ya 102/3 ni mwingine. Isitoshe, mwalimu wa darasa anawafahamu wanafunzi wake wasioona mbali na wale wenye masikio mazito. Kwa nini kuwapanga kukaachiwa viranja wanaotazama urefu tu?

Wanafunzi nao wana lawama yao. Wapo wanaokimbilia pembe ya mlangoni, wakae na marafiki na kupiga soga, kisha waseme waigizaji hawakusikika.

Onyesho lilipokwisha, mtahiniwa mmoja alinijia na daftari lake. Alitaka nimweleze Yona alimwambia nini Sara katika onyesho fulani. Nikatazama alichokuwa ameandika hapo. Palikuwa na mstari mmoja tu: “Hapa wa mbele walicheka.”