MUUZA HAKI NA MCHOMA MWIZI NI NDUGU WAWILI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa Uvira, Fizi na Bijombo! Leo tunasema neno ambalo halitawapendeza watu wa namna mbili. Halitampendeza polisi anayekula rushwa. Wala halitawapendeza vijana wetu wanaokimbilia tairi na petroli kila mara mtu anapopiga kelele: Mwizi! Na pengine halitatupendeza hata sisi wenyewe, kwa maana mara nyingi tumesimama kando ya moto huo, tukatazama, tukanyamaza.

Tuanze na polisi, kwa sababu ubaya huu unaanza kwake.

Mtu wa Bijombo ameibiwa ng'ombe. Anashuka mlima kwa miguu, njia ndefu, mpaka chini ziwani, kupeleka mashtaka. Anafika posti. Anaambiwa: Leta pesa ya karatasi. Analeta. Leta pesa ya mafuta ya pikipiki. Analeta. Leta kitu kidogo cha mkubwa. Anauza mbuzi, analeta. Mwizi anakamatwa, anatiwa buloko. Siku ya tatu mwenye ng'ombe anamkuta sokoni, anakunywa kasiksi na kucheka. Kumbe mwizi naye alikuwa na pesa, tena nyingi zaidi, maana ng'ombe alikwisha kuuzwa! Mtu huyo amepoteza ng'ombe, amepoteza mbuzi, na ng'ombe wake mwenyewe ndiye aliyemtoa mwizi kifungoni. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wanavyosema wenye kula.

Je, hii ndiyo kazi ya polisi? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 182, inawapa polisi wa taifa kazi ya kulinda watu na mali zao. Kifungu cha 18 kinasema polisi hawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo amwachilie au ampeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Tumeisoma Katiba hiyo. Hatukuona mahali palipoandikwa bei.

Wengine wanawatetea: mshahara wao ni mdogo, tena unachelewa. Ni kweli, na sisi tunadai walipwe. Lakini tusidanganyike kwamba pesa yote inabaki mfukoni mwa askari mdogo. Mwaka 2015 watafiti walichunguza polisi wa barabarani katika mji wa Kinshasa, wakakuta wakubwa wamewapangia askari hesabu ya madereva wa kuleta posti, ili watozwe huko. Askari ni mvuvi tu. Mwenye mtumbwi amekaa pwani anangoja samaki.

Babu zetu walipigwa kiboko na askari wa Bula Matari. Tarehe 30 Juni 1960 tulisema: Basi, imekwisha! Hatukupata uhuru ili mwana wa nchi auze haki ya mwana wa nchi mwenzake.

Sasa tugeuke, tujitazame na sisi.

Watu wakiona haki inauzwa, wanasema: Tusirudi tena kwa polisi. Mwizi wa pili akishikwa, haendi buloko. Anapigwa mawe, anavishwa tairi, anachomwa. Watu wanapiga vigelegele, wanasema haki imetendeka. Sisi tunauliza: Nani amepata faida? Mwenye ng'ombe hakurudishiwa ng'ombe wake. Yule aliyenunua ng'ombe wa wizi hakutajwa. Yule aliyemkodisha mwizi bunduki hakutajwa. Na polisi aliyemwachilia jana hakutajwa, kwa maana maiti haitoi ushahidi! Ndugu, mkimchoma mwizi mnamsafishia polisi mwovu daftari lake. Mnamfanyia kazi yake bure, naye amekaa kivulini.

Tena mnajuaje kwamba ni mwizi? Kundi halina masikio. Tarehe 9 Desemba 2021, huko Lweba katika Fizi, kundi la watu lilimtoa garini ofisa wa jeshi la nchi yetu wenyewe, aliyekuwa safarini, likampiga mawe, likamchoma. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa Mnyamulenge, basi. Mkono uliozoea kuchoma bila kuuliza, leo unachoma mwizi, kesho unachoma kabila, na keshokutwa unachoma mtu anayekudai pesa.

Wako wanaotuambia: Dawa ya moto ni moto. Waje Bijombo watuonyeshe dawa hiyo. Tangu mwaka 2018 vijiji vya Bijombo vilichomwa, vya Wafuliru na vya Wanyindu, vya Wabembe na vya Wanyamulenge. Ng'ombe walinyang'anywa kwa maelfu. Kila kundi lilianza kwa neno zuri. Twirwaneho maana yake ni tujilinde. Mai-Mai wa kila bonde nao walisema wanalinda vijiji vyao. Ng'ombe mmoja akichukuliwa, wakachukuliwa kumi kulipiza. Nyumba moja ikichomwa, kikachomwa kijiji. Askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024. Desemba 2025 M23 iliingia Uvira, Januari 2026 ikatoka. Moto haukumponya mtu.

Na ninyi wa shimoni mnajua mwisho wa hadithi hii. Kijana aliyepewa bunduki ili azuie wezi, baada ya miezi michache ameweka kamba barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, na 486 kati ya hivyo vilikuwa Kivu Kusini. Vingine ni vya watu wa serikali, vingine ni vya makundi. Mchimbaji anayebeba gunia lake, je, anaona tofauti? Mkono unaonyoshwa ni mmoja. Tulimkimbia polisi mla rushwa, tukamzaa mwingine asiye hata na kofia ya serikali.

Mtatuuliza: Basi tukae tuibiwe? Hapana! Ng'ambo ya ziwa, wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu polisi walishindwa na wezi wa ng'ombe. Watu kulinda kijiji chao si kosa. Lakini huko nako walinzi wengine walitesa na kuua watu walioshukiwa tu, na mwaka 1989 serikali ya Tanzania ikatunga sheria ya kuwapa nafasi ndani ya utaratibu wake. Fundisho ni hili: mlinzi asiye na sheria juu yake ni mwizi wa kesho.

Kwa hiyo tunasema na tunadai:

Kwanza, mtu asiende posti peke yake. Waende kumi, na kila pesa inayoombwa iandikwe: siku gani, kiasi gani, nani aliiomba.

Pili, kila faranga inayolipwa itolewe risiti, na mlangoni pa posti yabandikwe majina ya waliofungwa, siku waliyoingia, siku waliyotoka na sababu. Pengine aliyeachiliwa hana kosa kweli. Tutajuaje, ikiwa kila jambo linafanywa gizani?

Tatu, polisi mla rushwa asishtakiwe kwa mkubwa anayekula naye sahani moja. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi. Mashtaka yapelekwe kwa oditora wa kijeshi, kwa maandishi, na wale kumi waweke sahihi.

Nne, askari alipwe mshahara wake kamili na kwa wakati. Akiisha kulipwa, asitafute mahali pa kujificha.

Tano, ninyi vijana: shikeni mwizi, mfungeni kamba, msimguse. Mpelekeni mchana, mbele ya watu wengi, akiwa hai, na mdomo wake ukiwa mzima. Mdomo huo ndio silaha yetu. Huo ndio wanaouogopa walionunua ng'ombe na waliouza haki.

Petroli irudi kwenye taa!