Tuwataje Waliotufundisha

Msimu wa kuwasilisha tasnifu ukifika, vyuoni hakulaliki. Mwanafunzi ameandika sura zake zote, amezirekebisha, msimamizi ameridhika. Zimebaki saa chache, na sasa ndipo anapogeukia kurasa za mwisho: Marejeleo. Haraka inaingia. Jina linaandikwa nusu, mwaka unakisiwa, mchapishaji anasahauliwa.

Leo naomba tuzungumze juu ya kurasa hizo. Nawasemesha wanafunzi, lakini pia walimu, wazazi, watumishi wa ofisi, hata wenzetu wenye steshenari. Kazi hii ina nafasi ya kila mmoja wetu.

Kwa nini orodha ya marejeleo ina uzito? Kwa sababu inawahudumia watu wawili ambao mwandishi huenda asionane nao kamwe. Wa kwanza ni yule aliyetangulia, aliyetafiti na kuandika kabla yetu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; na huyu ni mwalimu wetu, haki yake ni kubwa zaidi. Wa pili ni yule anayekuja nyuma, kijana wa Songea au Kakamega atakayesoma kazi yako na kutaka kukiona kitabu ulichokisoma. Mgeni ukimwambia tu "ulizia pale kwa Juma," si atazunguka mtaa mzima? Basi msomaji naye anahitaji maelekezo yanayomfikisha.

Tuchukue mfano mmoja tunaoufahamu. Mwaka 1999, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kitabu cha sarufi miundo, SAMIKISA kama wengi tunavyokiita. Kiliandikwa na watu watatu: Massamba, Kihore na Hokororo. Ni mara ngapi umeona "Massamba 1999" peke yake, kana kwamba wale wawili hawakushika kalamu?

Ndani ya maandishi, mitindo mingi inaturuhusu kufupisha: Massamba na wenzake (1999). Hilo halina ubaya. Lakini kule mwishoni, kwenye orodha, wote watatu waandikwe kwa mpangilio ule ule uliomo kwenye jalada. Kihore na Hokororo nao walikesha. Je, inatugharimu nini kuwaandika? Mstari nusu tu.

Majina yetu nayo yanataka uangalifu wa pekee. Shaaban Robert utamkuta kwa wengi akiandikwa Robert, S., na kwa wengine Shaaban, R. Ndani ya kazi moja anaweza kutokea kwa sura zote mbili, na kompyuta ikadhani ni watu wawili. Ngũgĩ wa Thiong'o huorodheshwa chini ya Ngũgĩ, maana ndivyo jina lake lilivyo. Kabla ya kuligeuza jina la mtu, tujiulize: mwenyewe alijitambulishaje? Tukishaamua, tushike njia moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Na akina mama je? Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972. Mwaka 1991 kitabu chake kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo kilitoka kwa jina la Penina Muhando Mlama. Ni mama yule yule. Kanuni hapa ni nyepesi: andika jina kama lilivyochapwa kwenye kitabu ulichokishika. Wanawake wengi wasomi wana majina mawili katika maktaba zetu, na kazi zao zote zinastahili kupatikana.

Halafu kuna suala la toleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imo karibu katika kila shule. Toleo la kwanza ni la 1981, la pili ni la 2004, na yamefuata mengine. Ukiandika "TUKI" bila mwaka, msomaji afungue lipi? Fasili uliyoikuta ukurasa fulani wa toleo moja, katika toleo jingine huenda imehamia kwingine, au imebadilishwa maneno. Tena taasisi yenyewe tangu 2009 inaitwa TATAKI. Kwa hiyo tazama nakala iliyo mkononi mwako, uandike jina la taasisi lililomo humo, mwaka wake na toleo lake.

Makala za majarida kama Kiswahili na Mulika zinahitaji zaidi kidogo: mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, namba na kurasa. Vinavyosahaulika sana ni juzuu na kurasa, na bila hivyo mkutubi atafungua rafu nzima. Makala ikiwa na DOI, ile anwani ya kudumu inayoanza na 10, iandike pia. Anwani za kawaida za tovuti huhama na kufa, lakini DOI imeundwa ili iendelee kumfikisha msomaji kwenye makala hata tovuti ikibadilika.

"Sasa nifuate mtindo upi?" Swali hili nalisikia sana, na si la kuogopesha. Kuna APA, MLA, Chicago, Harvard. APA, katika toleo lake la saba la mwaka 2019, haidai tena mji wa uchapishaji. Idara nyingine bado zinautaka. Omba mwongozo wa idara yako mapema, usome mifano yake, kisha usichanganye. Orodha inayofuata mtindo mmoja kwa uaminifu humsaidia msomaji kuliko ile iliyookoteza kila mtindo kidogo.

Sasa twende kwenye matendo. Nani afanye nini?

Mwanafunzi, mwanangu, anza orodha yako siku ile ile unapofungua kitabu cha kwanza. Sote tunajua tunavyosoma: kitabu ni kimoja, wanafunzi ni wengi, basi tunatoa kopi ya sura moja. Miezi ikipita, kopi ipo ila haina jina la kitabu, mwaka wala mchapishaji. Dawa yake ni ndogo. Kila unapotoa kopi, piga picha kwa simu ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, pamoja na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji. Ukiwa na kompyuta, programu ya Zotero ni ya bure na itakutunzia kumbukumbu hizo. Usipokuwa nayo, daftari la kawaida linatosha.

Na wewe ndugu yangu wa steshenari, wanafunzi wanakutegemea kuliko unavyodhani. Wakija kutoa kopi ya sura, waulize kwa upole: "Ukurasa wa mbele umeuchukua?" Swali hilo moja litawaokolea siku nzima ya kuhangaika.

Tunapojifunza jambo kupitia kitabu cha mtu mwingine, tuseme hivyo waziwazi. Wengi wetu tumemjua mwanaisimu Saussure kupitia vitabu vya walimu wetu wa isimu. Kitabu chake maarufu cha 1916 chenyewe kilitayarishwa na wenzake, Bally na Sechehaye, baada ya yeye kufariki. Kama hujakifungua, andika "Saussure, kama alivyonukuliwa na" kisha umtaje mwalimu uliyemsoma, na huyo ndiye aingie kwenye orodha. Je, kuna aibu? Hakuna hata kidogo. Unampa heshima mwalimu wa kwenu aliyekufikishia elimu hiyo kwa lugha yako.

Tusiwasahau wazee wanaotusimulia. Mtindo wa APA huyataja mazungumzo ya namna hiyo ndani ya maandishi tu, lakini tasnifu nyingi za historia na fasihi simulizi huwa na orodha ya watoa taarifa. Vyovyote utakavyoelekezwa, muombe mzee ridhaa yake, umuulize angependa jina lake litajwe au lihifadhiwe, kisha uandike mahali na tarehe. Maarifa yake ni chanzo sawa na kitabu.

Katika miaka hii wengi wetu tunatumia programu za akili mnemba. Zinasaidia, lakini zina hatari moja: zinaweza kukutungia rejeleo ambalo halipo duniani, lenye jina la mtaalamu wa kweli na mwaka unaoaminika. Mwezi Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Kama limewakuta mawakili, sisi tutakuwa salama kwa nini? Basi tushike neno moja: usiorodheshe usichokifungua.

Walimu wenzangu, tuanze mapema. Mtoto wa darasa la sita akileta habari za mlima Kilimanjaro, tumuulize kwa furaha, "Umesoma wapi?" Aandike chini jina la kitabu. Akifika chuo, hilo halitakuwa jambo geni. Na tunapotoa mihtasari yetu ya masomo, tuweke marejeleo kamili ili vijana wapate cha kuiga.

Maofisini nako kuna kazi. Ripoti ya kata inasema idadi ya Watanzania ni fulani. Kwa sensa ipi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Tofauti inakaribia milioni 17. Madawati, dawa na visima hupangwa kwa hesabu hizo. Maneno machache tu, "Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya 2022," yatamwezesha diwani au mwananchi yeyote kuhakiki mwenyewe.

Na nyumbani? Huko kuna msaada mzuri kuliko tunavyofikiri. Kazi ikikaribia kukamilika, kila jina lililotajwa ndani ya maandishi linapaswa kuwemo kwenye orodha, na kila lililomo kwenye orodha liwe limetajwa ndani. Kuhakiki peke yako kunachosha macho. Mzazi, kaka au dada anaweza kushika orodha na kusoma jina moja moja kwa sauti, huku mwandishi akitafuta na kutia alama. Mama hahitaji shahada ili kumsomea mwanawe majina. Jioni moja mezani, kazi imekamilika.

Ndugu zangu, kila tasnifu, makala au ripoti tunayoiandika leo itakuwa chanzo cha mtu kesho. Tukiandika vyema majina ya waliotutangulia, wanaokuja watajifunza kuyaandika vyema majina yetu.

Basi tuanze na kazi iliyo mezani sasa. Fungua ukurasa wa mwisho. Soma rejeleo la kwanza. Je, mwenzako akilichukua kama lilivyo na kwenda nalo maktaba, atakipata kitabu? Kama atakipata, nenda la pili. Kama hatakipata, lirekebishe leo, wakati kitabu bado unacho.