Thamani ya Mji Mkongwe
Kila mtu anausifu Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Madalali nao wanauthamini kwa namna yao: nyumba ikishageuzwa hoteli, bei hupaa. Wageni hupiga picha milango ya nakshi, hushukuru, huondoka. Sawa. Lakini Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020, tena likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya mvua. Ndani yake boriti za mikoko huoza kimyakimya. Sifa haizibi paa linalovuja. Serikali na wenye mahoteli, walipeni mafundi chokaa kabla ya masika.