Duka Halizai Mshahara

Palipo na wafanyakazi wanaolipwa, maduka hufuata yenyewe. Lakini haifuati kwamba palipojengwa maduka mishahara nayo itakuja. Jambo hili limethibitika Kurosaki, mtaa wa mji wa Kitakyushu, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani.

Kitakyushu ni mji uliolelewa na chuma. Kiwanda cha chuma cha Serikali kilianza kazi Yahata mwaka 1901, na Kurosaki, iliyo jirani, ikawa mahali ambapo wafanyakazi wa viwanda na jamaa zao walinunua mahitaji yao. Kuanzia miaka ya 1960, maelfu ya wafanyakazi wa chuma walihamishiwa Kimitsu, karibu na Tokyo, na kazi ya Yahata ikazidi kupungua. Mji uliopata kuwa na watu zaidi ya milioni moja ulikuwa umeshuka chini ya idadi hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2005.

Hata hivyo, Novemba 2001, jengo la Com City lilifunguliwa kando ya stesheni ya Kurosaki, likiwa na maduka ghorofa juu ya ghorofa na kituo cha mabasi. Fedha za umma zilikuwamo katika kampuni iliyoliendesha. Mwaka 2003, kabla ya kutimia miaka miwili, kampuni hiyo ilifilisika. Maduka yakafungwa, na ghorofa zikabaki tupu karibu miaka kumi.

Yako maoni kwamba duka nalo huajiri watu. Ni kweli, lakini ujira wa muuzaji hutoka katika ujira wa mnunuzi. Duka hukusanya fedha iliyokwisha kupatikana kwingine. Kazi ikiondoka, duka haliwezi kuirudisha.

Mwaka 2013 ofisi za wilaya ya Yahatanishi zilihamia katika jengo hilo. Mwananchi mwenye shida ya cheti au kodi hushuka kwenye basi akahudumiwa hapo hapo. Jengo limepata kazi kwa sababu safari hii haja ya watu ilitangulia. Lakini ofisi hizo hazikuuponya mtaa mzima: Agosti 2020 duka kubwa la Izutsuya, jirani na hapo, nalo lilifunga milango.

Hilo ni somo kwa kila mtumishi anayekabidhiwa fedha za umma, na kwa mwalimu anayewaandaa watakaokabidhiwa kesho. Kabla ya kuuliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi, hapana budi kuuliza wanunuzi wake watapata wapi mshahara.